Kapelo nyekundu ya Trump kutoka Mlango Mmoja: nimeivaa, nimeifua, nimeifumua

Wateja wamekuwa wakiniuliza kuhusu zile kapelo nyekundu za Trump zinazotoka kwenye mabelo ya mitumba pale soko la Mlango Mmoja, kama zinafaa au ni mapambo tu. Naandika mara moja yaishe. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza mjini, upande wa Makoroboi, kwa hiyo naanza na ninachokijua, yaani kitambaa na mshono. Siasa zitakuja zenyewe, maana hii kofia ukiivaa huachwi upite kimya.

Muuzaji alianza na 8,000, tukamalizana kwa 4,000. Vipande sita vya pamba nzito, vimeungwa kwa mshono wa mara mbili, na kwa ndani kila mshono umefunikwa na utepe wake. Hapo sina neno. Maandishi ya mbele, yale Make America Great Again, yamedariziwa kwa uzi mweupe unaong'aa, herufi zimesimama sawasawa, hakuna iliyokimbia. Nilifumua kidogo utepe wa jasho kwa wembe nichungulie nyuma ya maandishi: kitambaa kigumu kimebandikwa vizuri na nyuzi zimekatwa. Mafundi wengi hapa mjini hatukati hizo nyuzi, tunamwachia mteja. Mdomo una plastiki, si kadibodi, ukiukunja unarudi. Tatizo la kushona ni moja tu, mkanda wa nyuma wa vitundu. Plastiki yake ni nyepesi, na kitundu kimoja kilikuwa kimeshaanza kuchanika.

Lebo inasema China. Kwa hiyo si ile halisi. Zile halisi, Trump alipoanza kuziuza 2015, zilishonwa na kiwanda cha Cali-Fame huko Carson, California, na bei ilikuwa dola 25. Kwa hela yetu ya leo hiyo ni zaidi ya 60,000. Kwa kapelo! Mimi kwa 60,000 nakushonea gauni na kitambaa juu yake.

Kutoka China si dosari kwangu, Mchina ameshona vizuri kuliko mimi. Ila inachekesha kidogo, maana Trump mwenyewe aliwaambia watu wake kwamba China imewaibia kazi na kwamba yeye atazirudisha. Machi 2024 akapigia debe Biblia yenye jina la God Bless the USA, dola 59.99. Miezi michache baadaye shirika la habari la AP likachimba kumbukumbu za mizigo likakuta nakala karibu 120,000 zilichapwa China, thamani iliyoandikwa haifiki dola 3 kwa kila moja. Juni 2025 kampuni ya familia yake ikatangaza simu ya rangi ya dhahabu, dola 499, imetengenezwa Marekani. Siku chache tu, yale maneno ya kutengenezwa Marekani yakaondolewa kwenye tovuti. Mfanyabiashara yeyote wa Makoroboi angeipenda faida ya ile Biblia, na mimi nimo.

Rangi sasa. Inachuja. Nimeiloweka kwenye maji ya baridi, beseni zima likawa jekundu, na suuza ya pili bado ilikuwa inatoa. Usiichanganye na nguo ya mtu. Baada ya kuivaa juani imeanza kufifia juu kwenye kishungi, maandishi hayajapata kitu. Nilikwenda nayo Sengerema kwa basi, tukapita daraja la Kigongo–Busisi, zile kilomita 3 za juu ya maji zilizofunguliwa Juni 2025. Nikiwa dirishani upepo wa ziwa ulikuja wote, na kapelo ilikaa. Kwa kukaa kichwani naipa maksi zote.

Kuivaa mjini ni habari nyingine. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha karibu na kibaraza changu walinipokea kwa honi. Mmoja wao, mteja wangu wa siku nyingi, nampunguzia suruali, alishuka kabisa kwenye pikipiki akaishika kwa mikono miwili. "Mama, hii ndiyo kofia ya mwamba. Jamaa hapindishi. Akisema kitu anafanya." Nikamwuliza, ule ukuta wa mpakani aliosema Mexico italipia, ililipa? Akacheka. "Mama nawe, ile ilikuwa kampeni."

Nikamshika hapo hapo, maana kijana huyu ndoto yake ni kwenda Marekani, amenieleza mpaka mji anaotaka kukaa. Oktoba 2025 Marekani iliweka sharti kwamba Mtanzania anayeomba viza ya matembezi au ya biashara anaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 mpaka 15,000 kabla hajapewa. Analijua hilo, tena kwa tarakimu. Akajibu bila kukunja uso: "Hata mimi nyumba yangu ningeweka geti." Nikamwangalia, nikaendelea na suruali yake.

Jioni ile ile akaja dada mmoja kuchukua sare za watoto. Huyu alikuwa kwenye mradi wa kufuatilia wagonjwa wa virusi vya UKIMWI vijijini, wa fedha za Marekani. Trump alisaini agizo la kusitisha misaada ya nje siku ile ile aliyoapishwa, 20 Januari 2025, na mradi wao ukafunga milango. Shikamoo ilikuja, lakini baridi. Akasimama mlangoni. "Mama, vua kwanza hiyo kitu ndipo tuongee sare." Nikavua, nikaiweka chini ya cherehani. Tulipomaliza hesabu ndipo akasema kilichomuuma: mpango wenyewe wa dawa, PEPFAR, uliletwa na Bush mwaka 2003, rais wa chama hicho hicho cha Trump. "Wapiga kura wao walimchagua aliyeuleta, wakamchagua aliyeusitisha, na mara zote mbili walikuwa wanashangilia."

Mwalimu mstaafu anayekuja kusoma magazeti kibarazani kwangu ana jibu lake moja kwa yote: Wamarekani ni wajinga, wamedanganywa. Anazihesabu sababu zake. Januari 2016, Iowa, mtu anasema hadharani kwamba anaweza kumpiga mtu risasi katikati ya Fifth Avenue na asipoteze kura, watu wanacheka, na mwaka huo huo anashinda. Chuo chake cha mambo ya majumba kinashtakiwa na wanafunzi kwamba kimewalaghai, analipa dola milioni 25 kuyamaliza. Mei 2024 baraza la wazee wa mahakama New York linamtia hatiani kwa makosa 34. Septemba kwenye mdahalo anasema wahamiaji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka za watu, maofisa wa mji wanasema hakuna ushahidi. Novemba anapata kura zaidi ya milioni 77. "Nieleze wewe fundi," ananiambia, "kama huo si ujinga ni nini."

Shikamoo yake naiheshimu, lakini sikubaliani naye, na ni hii kofia iliyonifikisha hapo.

Kwetu kapelo ya uchaguzi ni ya bure. Inatupwa kutoka kwenye gari, unaidaka, unaondoka. Kulikuwa hata na sheria iliyoruhusu takrima kwa wapiga kura mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta 2006. Na sisi watu wa kanda hii tunajua kupokea: fulana ya huyu ya kulalia, kapelo ya yule ya shambani, kanga inafunga mtoto, na ukifika kwenye kisanduku hakuna anayekudai. Kofia ya bure haikufungi. Mimi nimepunguza fulana za vyama vyote kwa mtu mmoja, wiki moja.

Mmarekani yule katoa dola 25 zake. Kasimama foleni, kaivaa kazini, kagombana na shemeji yake mezani kwa ajili yake, kaitetea 2016, kaitetea tena 2020 jamaa alipokataa kwamba ameshindwa. Sasa mwambie kwamba mwanzoni bei ya mayai haikushuka, ilipanda. Jamaa aliahidi bei kushuka tangu siku ya kwanza, na Machi 2025 dazeni ikafika dola 6.23 kwa wastani, ingawa hapo nimtendee haki, mafua ya ndege ndiyo yaliyoua kuku. Huyo mwenye kofia hatasema nimeliwa. Atasema subirini. Kukubali ni kutupa kila alichokwisha kulipa, na hela ndiyo ndogo kuliko yote.

Tusijifanye hatulijui hilo. DECI ilipofungwa 2009, ule upatu wa kupanda hela kama mbegu na kuvuna, mtaani kwetu watu waliokuwa wamepanda hawakuwakasirikia wenye DECI. Waliikasirikia serikali. Walikuwa na shahada zao za chuo, wengine walimu kama huyu wangu, na walisema wangeachwa kidogo tu wangevuna. Nilipomkumbusha Mwalimu alikunja gazeti akaniuliza suruali yake itakuwa tayari lini.

Na si wote walioipenda hii kofia waliuziwa maneno matupu. Juni 2022, chini ya Biden, mfumuko wa bei kule ulifika asilimia 9.1. Mtu anayejaza mafuta na kununua nyama kwa bei hiyo haji kwenye kura akiwa amelala. Anachagua aliyesema kwa sauti kwamba mambo ni mabaya. Kosa la watu wa upande wa pili, kwa macho yangu ya kibarazani, lilikuwa kumweleza mtu huyo takwimu kwamba yuko vizuri. Mteja akisema nguo inambana, humwambii vipimo viko sawa.

Turudi kwenye kapelo. Kama unataka ya jua tu, pale pale Mlango Mmoja kuna za kijivu zisizo na maandishi, mshono wa namna hii hii, nimeziona kwa 3,000, na hakuna atakayekusimamisha njiani. Kama umeshikilia nyekundu, fanya hivi kabla hujatoa hela: lowesha kidole usugue ndani ya mshono, kikitoka chekundu shusha bei. Vuta mkanda wa nyuma kwa nguvu mbele ya muuzaji. Angalia lebo, lakini usiilipie zaidi kwa sababu ya lebo. Kwa huduma za afya na ofisini usiivae, hasa kama unakwenda kuomba kitu.

Yangu bado iko chini ya cherehani. Yule kijana wa bodaboda ameitaka kwa 10,000, nikamweleza kila kitu, kwamba inachuja, kwamba ni ya China, kwamba mimi niliinunua 4,000. Amesema hiyo haina shida, ataleta hela Jumamosi, na nimemwahidi mkanda mpya wa nyuma bure.