Ubao wa futi 9 mawimbini: uzoefu wangu

Ubao ninaouzungumzia ni wa kusimama juu yake na kupiga kafi, nami naupandia mawimbi. Una urefu wa futi 9, upana wa inchi 30 na nusu, unene wa inchi 4 na robo na ujazo wa lita 122. Mimi nina kilo 80. Uzito nimeutaja mapema makusudi, maana sifa za ubao wa kusimama zikitolewa bila uzito wa anayesifu hazimfai msomaji. Ubao unaomstahimili mtu wa kilo 60 bila taabu unaweza kumzamisha wa kilo 95 mpaka vifundoni.

Nimeutumia kwenye mawimbi ya kiunoni hadi kifuani, na mara chache yaliyopita kichwa. Kabla yake nilikuwa na ubao wa matumizi yote, futi 10 na inchi 6 kwa upana wa inchi 32, na katikati niliazima mfupi wa futi 8 na inchi 2. Mengi ya nitakayosema yametokana na kuzilinganisha hizo tatu.

Kila anayeniuliza kuhusu ubao huu huanza na urefu. Wauzaji nao huuandika kwa tarakimu kubwa kuliko vipimo vingine. Kwa mawimbi mimi naanza na swali jingine: nitaweza kusimama juu yake nikiwa nimechoka, maji yamechafuka na sina mwendo? Ukikaa majini saa mbili, muda ulio juu ya wimbi ni sekunde chache chache. Unaobaki wote unakwisha kwa kupiga kafi kwenda nje, kuvuka povu na kusimama ukingoja. Ubao uwe mwepesi wa kugeuka namna gani, haukusaidii kitu ikiwa kila wimbi zuri linapofika wewe uko majini unahangaika kuupanda upya.

Hapo ndipo lita zinapoingia. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo tu, kwa hiyo ubao wa lita 98, kama ule mfupi nilioazima, unaweza kubeba takriban kilo 100 kabla haujazama wote. Toa mwili wangu, kilo 80. Toa ubao wenyewe, kilo 7. Toa kafi, kamba ya mguu na nguo zilizoloa, tuseme kilo 3. Inabaki akiba ya kilo 10. Nikisimama bila mwendo, maji yalikuwa yananipanda miguuni, na kila kiwimbi cha upepo kilitosha kuniyumbisha. Ulipopata mwendo ulikuwa mtamu, sikatai. Ila kuufikisha kwenye mwendo huo kulinimaliza nguvu.

Huu wa lita 122 unaniachia akiba ya kilo kama 34. Ule mkubwa, wa lita 180, ulikuwa na akiba ya kama kilo 90, na ndiyo maana ulikuwa unaelea juu mno na kukataa kulala upande ninapotaka kugeuka. Ukitaka kipimo cha haraka, naona anayetoka kwenye maji matulivu na kuanza mawimbi atafute lita zinazozidi kilo zake kwa 40 hivi. Akikomaa anaweza kushuka hadi 25. Wale mabingwa unaowaona kwenye video wakikata wimbi kwa ubao wa futi 7 na kitu wanatumia lita zinazokaribiana na uzito wao, na miguu yao imezoea kusimama juu ya kitu kilichozama nusu. Usinunue ubao wao.

Lakini lita peke yake hazitoshi, kwa sababu hazikuambii zimekaa wapi. Chukua mbao mbili za lita 120. Mmoja una kingo nene, za mviringo, na uso wake wa juu ni bapa. Mwingine ni mnene katikati na unashuka kwenda kwenye kingo nyembamba. Wa kwanza ukiuegemea upande unakurudishia. Unatulia sana ukiwa umesimama, ila kwenye wimbi ukingo wake hauzami kirahisi na ubao unateleza badala ya kushika njia. Wa pili unaeleweka ukishakuwa na mwendo na unachosha ukiwa huna. Wangu umesimama kati: kingo ni nene kuanzia omo, yaani mbele, hadi katikati, kisha zinakondeka na kuwa kali kuelekea tezi, yaani nyuma, karibu na mapezi yaliyo chini yake. Hili unaweza kulichunguza dukani bila kulowa. Kamata ukingo kwa kiganja katikati ya ubao, halafu usogeze mkono taratibu hadi nyuma. Ukihisi ukingo unabadilika kutoka mviringo kuwa makali, basi aliyeuchonga alikuwa na mawimbi akilini. Ukiwa mviringo mwanzo hadi mwisho, ubao huo ni wa maji ya ziwa, hata kama umechorwa wimbi kubwa juu yake.

Na upana nao usiuchukulie kwa namba moja. Inchi zinazotajwa ni za sehemu pana kuliko zote. Nimewahi kupanda ubao wa inchi 31 uliokuwa na omo iliyochongoka na tezi nyembamba, ukanisumbua kuliko huu wa 30 na nusu ambao tezi yake ni pana. Angalia ubao una upana gani pale miguu yako itakapokanyaga, na futi moja kutoka kila ncha.

Sasa kwenye wimbi lenyewe. Tofauti ya kwanza niliyoihisi nilipotoka kwenye ule wa futi 10 na inchi 6 ni omo. Ule mrefu ulikuwa karibu umenyooka, jambo linalopendeza ukisafiri kwenye maji tulivu kwa sababu unakwenda mbali kwa kila pigo la kafi. Kwenye wimbi linalosimama ghafla, omo iliyonyooka inachomeka chini na wewe unarushwa mbele. Huu wa futi 9 umenyanyuka vya kutosha mbele, na kidogo nyuma, kwa hiyo naweza kushuka kwenye wimbi nikiwa nimechelewa kidogo na bado nikatoka salama. Gharama yake ni kwamba hauendi mbali kwa kila pigo, na unapenda kugeuka upande ule usiopigia kafi. Ikabidi nijifunze mapigo mafupi ya haraka, mbele ya miguu tu, bila kuvuta bapa la kafi mpaka nyuma ya kisigino.

Kwenye mawimbi laini yanayoviringika polepole, nitasema kweli, ule mrefu ulikuwa unayapata mapema zaidi. Ikiwa mawimbi ya kwenu yote ni ya namna hiyo, futi 9 na nusu au 10, yenye omo pana, itakufurahisha kuliko huu. Wangu unaanza kuonyesha thamani yake wimbi likiwa na mteremko.

Kugeuka kunatokana na mguu wa nyuma. Nikingoja nasimama miguu sambamba. Wimbi likikaribia nasogeza mmoja nyuma nusu hatua ili nisiyumbe mbele na nyuma. Nikishashuka nasogea tena mpaka mguu uwe juu ya mapezi. Kwenye ubao mrefu safari hiyo ya mwisho ni hatua mbili tatu, na kwenye hizo hatua ndipo wengi huanguka. Huu ni hatua moja. Kuna kijiinuko cha mpira mwishoni mwa tandiko la miguu, na mguu unakijua bila kuangalia chini.

Mapezi yanaweza kufungwa kwa namna tatu: moja kubwa katikati na mawili madogo pembeni, matatu yanayolingana, au manne bila la katikati. Nilianza na la katikati kubwa, na sioni haya kulipendekeza, kwa sababu linanyoosha ubao ukiwa unatoka nje. Baadaye nilihamia matatu na sijarudi. Mpangilio huo aliutengeneza Simon Anderson wa Australia kwa ajili ya mbao za mawimbi zisizo na kafi, zile unazolalia ukipiga maji kwa mikono, akashinda nao mashindano ya Bells Beach mwaka 1981, na mpaka leo hakuna unaotabirika kuliko huo unapokata kona. Manne yana kasi zaidi ukifuata wimbi kwa upande, lakini kwa ngazi yangu kasi haikuwa tatizo.

Swali la mbao za kujaza upepo huja kila mara. Nimezipanda. Zinabebeka mgongoni, haziumizi sana zikikugonga, na kwenye mawimbi madogo ya povu mtoto au anayeanza atafurahi. Ila hata ukizijaza upepo hadi psi 15 (kipimo cha shinikizo), kingo zake ni mviringo kama mrija, unene mara nyingi hufika inchi 6, na zinajikunja katikati wimbi likizisukuma. Maji yanazing'ang'ania kingoni badala ya kuachia. Baadhi zimewekewa ukanda mgumu wa plastiki kwenye tezi ili maji yaachie, na zinasaidia kiasi. Kama nafasi ya kuweka ubao mgumu ipo, nunua mgumu.

Kafi nalo. Kwenye maji tulivu nilikuwa na kafi linalonizidi kichwa kwa sentimita 20 na ushee. Mawimbini unakunja magoti muda wote, kwa hiyo kafi refu linainua kiwiko na kuchosha bega. Nimelikata libaki sentimita 10 juu ya kichwa, na bapa nimechagua dogo kwa sababu nahitaji mapigo mengi ya haraka. Kafi la kurefusha na kufupisha ni zuri kwa kutafuta kipimo chako kabla hujakata, ila mchanga ukiingia kwenye kibano linaanza kuteleza katikati ya pigo. Langu la kwanza lilinifanyia hivyo mara nyingi. Na bapa lielekee mbele, mbali nawe. Wengi hulishika kinyume.

Kamba ya mguu iwe iliyonyooka, ndefu kama ubao au kuzidi kidogo. Ile ya kujisokota inafaa maji tulivu. Mawimbini inavutika kisha inakurudishia ubao usoni.

Malalamiko yangu juu ya ubao huu ni matatu, na hakuna lililonifanya niujutie. Rangi ya kingo ni dhaifu: bapa la kafi likigusa, linaacha alama nyeupe. Bandika utepe wa kinga tangu siku ya kwanza. Pili, tundu la kubebea limekaa mbele kidogo ya mahali ubao unapolingana, kwa hiyo upepo ukivuma unageuka mkononi. Na inchi 30 na nusu si haba kwapani. Mwenye mikono mifupi aujaribu kuubeba kabla ya kulipa. Tatu, ndani ni povu jepesi lililofunikwa kwa faiba na gundi ya epoksi, na povu hilo linanyonya maji likipata ufa. Nyufa mbili ndogo nimeziziba haraka kabla hazijawa tatizo. Pia una skrubu ya kutolea hewa. Ikiwa skrubu ya ubao wako ni ya aina ya kufungwa kwa mkono, ifungue ukiuacha kwenye joto au ukiusafirisha kwa ndege, na uifunge kabla ya kuingia majini. Joto linapanua hewa ya ndani na linaweza kuibambatua faiba.

Jambo moja ambalo maelezo ya dukani hayasemi: ukiwa umesimama unayaona mawimbi kabla ya waliolala juu ya mbao zao, na kwa sababu una kafi unayafikia kabla yao. Ukiyachukua yote utachukiwa, na kwa haki. Mimi naacha yapite, na ninapoanguka nashika kamba karibu na ubao. Kilo 8 zinazosukumwa na povu si kitu cha kuachia palipo na watu. Kamwe usiuweke ubao kati yako na wimbi linalokuja, uweke pembeni.

Ajabu ni kwamba mchezo huu ulianzia kwenye mawimbi. Vijana wa ufukweni Waikiki, Hawaii, walisimama juu ya mbao kwa makafi ya mitumbwi miaka mingi kabla wapanda mawimbi Laird Hamilton na Dave Kalama hawajaufufua, lakini mbao nyingi zinazouzwa leo zimechongwa kwa maji yasiyo na wimbi hata moja. Kwa hiyo neno “matumizi yote” likiwa limeandikwa kwenye ubao, lisome kama maji tulivu na viwimbi vidogo.

Kwa mwenye kilo 60 hadi 65 umbo hilihili lipo la futi 8 na inchi 6, na nadhani lita 105 zitamtosha. Wa kilo 95 asijibane kwenye lita 122. Atafute 135 hadi 140, upana wa inchi 32, hata kama urefu utapanda hadi futi 9 na nusu. Na aliye chini ya hapo lakini hajawahi kusimama kwenye ubao wowote, aanze na mpana wa kukodi kwenye maji tulivu, kwa sababu huu wangu hautamfundisha kusimama.