TAHADHARI: Msitume avansi ya safari ya "Volkano na Barafu" inayotangazwa Goma

Ndugu zangu wa Goma, na ninyi wa Bukavu mnaopanda boti kuja huku, kuna tangazo linazunguka kwenye WhatsApp na Facebook. Safari ya kundi dogo, watu 8 tu, siku 6, kuanzia Goma. Wanaahidi kuwapandisha volkano yetu ya Nyiragongo mkaangalie lava usiku, kisha kuwavusha hadi Uganda mkakanyage barafu ya milima ya Rwenzori, juu kabisa kwenye kilele cha Margherita, halafu Jumapili jioni mko nyumbani. Dola 480 kwa mtu, avansi 200. Safari hiyo haipo. Wamekula pesa ya kijana wa dada yangu, ya wenzake wa kazini, na ya watu wengine ambao tumekuja kuwapata baadaye mmoja mmoja. Jina la kampuni silitaji kwa sababu wameshalibadilisha na watalibadilisha tena. Picha, maandishi na sauti ya mwongozaji wanayotuma ni zilezile, na hivyo ndivyo mtakavyowatambua.

Mimi niliwahi kuwa mpagazi pale Kibati, njia ya kupanda Nyiragongo inapoanzia. Nilibeba maji, makaa na mizigo ya wageni mpaka kwenye mdomo wa Nyiragongo, kwa hiyo kijana aliponionyesha ile programu yao ya safari sikufika hata kwenye bei. Niliishia siku ya tatu. Naikopi jinsi ilivyo:

"Siku ya 3: Kutoka Goma saa 12 asubuhi, kufika Kasese. Baada ya chakula cha mchana, kupanda Margherita na kupiga picha kwenye barafu. Kulala hotelini."

Baada ya chakula cha mchana! Kasese iko kule bondeni kwenye joto, mita elfu moja hivi juu ya bahari. Margherita ina mita 5,109, ni kilele cha tatu kwa urefu Afrika nzima. Mtu anayeondoka Goma akapitia Rwanda anavuka mipaka miwili kabla ya kufika Uganda, na kutoka Kisoro bado ana barabara ndefu ya milima. Akifika Kasese siku hiyohiyo, amefika akiwa anataka kitanda. Kupanda kwenyewe ni kazi ya wiki. Wanaopita upande wa Nyakalengija wanalala kambi ya Nyabitaba, wanalala ya John Matte, wanalala ya Bujuku, ndipo wanafika kambi ya Elena, mita 4,541. Hapo wanaamshwa saa 8 usiku, wanafunga meno ya chuma chini ya viatu, wanajifunga kamba pamoja na mwongozaji, na wanaanza kutembea juu ya barafu kwenye giza. Baada ya hapo kuna siku nyingine za kushuka kwenye matope yanayofika magotini.

Na siku hizo nyingi si za kumkamua mgeni. Mwili ndio unazozidai. Ukishapita mita 3,000 hivi, unaongeza kidogo kidogo kimo cha mahali unapolala, vinginevyo kichwa kinapasuka, unatapika, na wengine mapafu yanajaa maji. Mtu akichukuliwa kutoka bondeni mchana akafikishwa mita 5,000 jioni, kama ingewezekana, angeshuka kwa machela.

Sasa zile picha. Ya kwanza ni ziwa la lava la Nyiragongo, jekundu, linachemka, watu wamekaa kwenye ukingo na mablanketi. Ni picha ya kweli ya mlima wetu, ila ni ya zamani. Kijana aliitafuta kwenye intaneti kwa kutumia picha yenyewe akaikuta ilishachapishwa miaka kabla ya mlipuko wa 22 Mei 2021. Kila aliyekuwa Goma usiku ule anajua lile ziwa lilikwenda wapi: lilimwagika, na moto ukaja mpaka Buhene, ukingoni mwa mji. Picha ya pili ni ukuta wa barafu ya bluu unaodondokea majini, chini kuna mchanga mweusi. Hiyo ni Iceland. Huko ndiko kweli volkano na barafu vinakaa pamoja, na volkano nyingine ziko chini ya barafu yenyewe. Rwenzori haina ukuta kama huo. Mwaka 1906, wakati Luigi Amedeo wa Abruzzi anafika Margherita, barafu ya milima ile ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5. Karne moja baadaye ilikuwa imeshuka chini ya kilomita moja ya mraba, na iliyobaki imejishikiza hasa kwenye mlima Stanley. Inapungua kila mwaka. Hakuna mahali inapogusa maji ya kuogelea.

Tena wanaandika "volkano ya Rwenzori". Rwenzori si volkano. Ni mwamba uliosukumwa juu pale ardhi ya bonde la ufa ilipopasuka, na hakuna lava iliyoujenga. Kosa hilo peke yake mtu angeweza kulisamehe, hata mwalimu anaweza kuteleza. Lakini mtu anayeuza dola 480 kwa ajili ya mlima mmoja, na mlima wenyewe haujui!

Kilichonikasirisha kuliko pesa ni siku ya kwanza. Wameandika kwamba kundi litalala kwenye mahema "katika bonde zuri la lava kando ya ziwa, upande wa Bulengo, mahali pa chini pasipo na upepo". Watu wa Goma wanaposoma hayo wanasikia neno moja tu: mazuku. Gesi ya kaboni inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa, inatafuta mashimo na mabonde, na pasipo na upepo inatulia hapohapo. Huioni, huisikii harufu. Mbuzi anaingia kula majani asubuhi, mchana unamkuta amelala na majani mdomoni. Kutoka Himbi kwenda Bulengo mpaka Sake kila mtaa una kisa chake. Eti mahali pa chini pasipo na upepo, ndipo wamechagua kulaza watu wanane. Sidhani kama walikuwa na nia ya kumlaza mtu popote, waliokota maneno matamu tu. Lakini mtu akiona safari haifanyiki, akaamua kwenda mwenyewe na marafiki kwa kufuata programu ile, je?

Sasa jinsi wanavyokula pesa, kwa sababu hapa wana akili kuliko pale kwenye milima.

Ukiwaandikia wanakuweka kwenye kikundi cha WhatsApp. Humo mko wanane na "mwongozaji". Wanasema kundi ni dogo ili kila mtu ahudumiwe vizuri, na hilo linaingia akilini maana safari nzuri za milimani huwa hivyo kweli. Baada ya siku moja au mbili mmoja anaandika, "Mimi nimeshatuma yangu." Wa pili, "Na mimi, nimepata risiti." Wa tatu anauliza kama atafute koti zito au atakodishiwa. Kisha inakuja sauti ya mwongozaji, mpole, Kiswahili chake kinatereza: "Mkubwa, nafasi mbili tu zimebaki, na kuna wazungu wa Kigali wanazitaka. Mimi nataka zibaki kwa watoto wa nyumbani." Nani atakataa?

Hao watatu walioandika kwanza ni wao wenyewe. Tulilijua hilo binamu yetu mmoja wa Bukavu alipotuonyesha kikundi chake: tarehe ileile, mwongozaji yuleyule, na yule wa koti zito yumo, anauliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, ila amejiita jina la kike. Kwa hiyo vikundi ni vingi, na kila kimoja kinajiona kiko peke yake. Kundi lingekuwa moja la watu hamsini, siku moja tu mtu angepiga kelele na wote wangesikia. Wanane wasiojuana, na watatu kati yao ni wezi, watamlalamikia nani?

Ukishatuma avansi linaanza la pili. "Permi ya Uganda imepanda, ongeza dola 60." Halafu "bima ya barafu", dola 45. Kila malipo yanakwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye skrini kabla hujabonyeza kuthibitisha si la mwongozaji wala la kampuni, na kila mara ni jina jingine. Ukiuliza, ni la "caissière wetu", yaani mtunza pesa wao. Caissière wangapi?

Siku ya safari ikikaribia, wanatuma ujumbe kwamba Observatoire, kituo kinachofuatilia volkano zetu, imeweka rangi ya tahadhari ya njano na kwa usalama wenu safari imesogezwa. Hapo wanatumia hofu yetu, na ni ujanja mbaya. Njano maana yake ni kuwa macho. Tumeishi chini ya njano miaka na miaka, watoto wakienda shule na mama zetu wakienda sokoni Birere. Ni machungwa inayosema mjiandae, na nyekundu inayosema mwondoke. Mwongozaji wa kweli anajua rangi ya siku kabla ya kukuuzia, hagundui asubuhi ya kuondoka. Safari ikishasogezwa mara mbili, unaondolewa kwenye kikundi. Kijana wetu aliondolewa usiku, alipoamka alikuta hata picha ya mwongozaji haionekani tena.

Namba ya RCCM, yaani ya usajili wa biashara, waliyoandika chini ya tangazo tuliipeleka kuulizwa. Ni ya mtu anayeuza vifaa vya ujenzi, mzee wa watu, hajui lolote, na yeye sasa anapigiwa simu za matusi. Tafadhali mwacheni.

Kwa anayetaka kweli kupanda, mambo yanakwendaje? Nyiragongo iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, na hakuna kampuni inayoweza kukupandisha bila permi ya hifadhi. Kwa hiyo swali la kwanza si bei, ni kama njia imefunguliwa, na jibu liko kwa hifadhi yenyewe, si kwa mtu wa Facebook. Hifadhi ilishafunga utalii Mei 2018 baada ya mlinzi kuuawa na wageni kutekwa, ikafungua Februari 2019, ikafunga tena Machi 2020 kwa korona. Mnajua wenyewe yaliyofuata katika jimbo letu. Enzi niliyobeba mizigo, permi ilikuwa na jina la mgeni, alikuja nayo Kibati, jina likaangaliwa kwenye orodha, na kundi lilipanda na walinzi wenye silaha, saa nne mpaka sita za kupanda, wa mwanzo wakimsubiri wa mwisho. Permi peke yake ilikuwa dola 300. Sasa hawa wanakuuzia permi hiyo, Uganda, hoteli, gari, chakula na barafu juu yake, yote kwa 480. Mpagazi wangemlipa na nini?

Upande wa Rwenzori ya Uganda, hifadhi iko chini ya Uganda Wildlife Authority, na anayekupeleka lazima akuulize mambo: pasipoti, afya yako, namba ya kiatu, kama umewahi kulala juu sana. Kijana wetu hakuulizwa hata jina la baba yake. Hakuna aliyeombwa nakala ya pasipoti, na eti anavushwa mipaka! Hilo hata asiyejua mlima anaweza kulishika.

Watakuambia pia kwamba wanaweza kukupandisha Rwenzori kwa upande wetu wa Kongo, kupitia Mutwanga kule Beni, kwa bei nafuu zaidi. Njia ipo, na ni ya zamani, nyumba za kulala zina majina yake: Kalonge, Mahangu, Kiondo. Lakini kila anayesikiliza redio anajua hali ya usalama ya Beni. Anayekuuzia hiyo kama matembezi ya wikiendi hakutakii mema.

Mtoa huduma wa simu ameshafunga namba moja kati ya zile zilizopokea pesa. Nyingine bado inapokea, na wiki hii tangazo limerudi na jina jipya na bei mpya, dola 450, "promosheni ya likizo". Siku ya tatu bado wanapanda Margherita baada ya chakula cha mchana.

Waliokwisha kutuma: msifute kikundi, hata kama kinawachoma moyo. Wekeni picha za skrini zenye tarehe, ujumbe wa kuthibitisha malipo wenye jina la mpokeaji, na zile sauti. Nendeni kwa mtoa huduma wenu na kitambulisho mkaombe namba ifungwe, kila mmoja kwa malipo yake, maana mmoja hawezi kulalamika kwa niaba ya mwenzake. Kisha niandikieni inbox, mniambie mlitumia jina gani la kampuni na siku gani. Tunataka kupeleka malalamiko pamoja, na kwa sasa tunao watu wa vikundi vya Goma tu na yule binamu mmoja wa Bukavu. Mama mmoja wa Katindo aliyemlipia bintiye zawadi ya diplomu ndiye anayekusanya karatasi.