Ziara ya Ngome ya Beauséjour, Kanada: uzoefu wangu (nyota 4 kati ya 5)

Anayependa minara mirefu na malango ya chuma asije huku. Beauséjour, iliyojengwa na Wafaransa, ni kuta za udongo zilizoota nyasi, umbo la nyota ya pembe tano, misingi ya mawe na vyumba vichache vya chini ya ardhi. Lakini panda juu ya ukuta utazame ng'ambo ya kinamasi. Kilima kile cha pili ndicho kilichokuwa na ngome ya Waingereza, Fort Lawrence. Walikuwa wanaonana!

Chanzo cha ngome mbili kutazamana hivyo ni uzembe wa makaratasi. Mkataba wa Utrecht wa 1713 uliwapa Waingereza Acadia, koloni la Wafaransa la eneo hili, bila kusema inaishia wapi. Wafaransa wakashikilia kwamba mwisho ni mto Missaguash, ambao kusema kweli ni kijito cha tope. Waingereza wakajenga upande wao 1750, Wafaransa wakajibu 1751.

Mwongozaji wa kampuni niliyosafiri nayo alikuwa fundi wa kusimulia vita. Alitueleza habari za Thomas Pichon, karani wa ngome aliyekuwa akiwapelekea Waingereza siri, hadi nikawa nawatilia shaka wenzangu kwenye basi. Juni 1755 kamanda Mwingereza Robert Monckton alikuja na watu zaidi ya 2,000, wengi wao wa New England, makoloni ya Waingereza kusini mwa hapa. Tarehe 16 kombora likapenya chumba kilichodhaniwa salama, likaua maofisa wa Kifaransa pamoja na mateka Mwingereza waliyekuwa wakimshikilia humo. Siku hiyohiyo kamanda Vergor akasalimu amri. Ngome ikaitwa Fort Cumberland, na 1776 ikahimili shambulio la Jonathan Eddy, aliyeunga mkono mapinduzi ya Marekani.

Nyota moja nimeikata kwa sababu wakulima Waacadia, walowezi wa asili ya Kifaransa, waliguswa na mwongozaji kwa dakika chache tu. Waacadia ndio waliojenga matuta ya kuzuia bahari, wakageuza kinamasi hiki kuwa mashamba, tena kando ya Ghuba ya Fundy ambako maji hujaa na kupwa kuliko karibu popote duniani. Kijiji chao cha Beaubassin kilichomwa moto 1750, si na Waingereza, bali na Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa eneo hili, waliokuwa pamoja na padri Mfaransa Le Loutre, ili wakazi walazimike kuhamia upande wa Wafaransa. Kisha tarehe 11 Agosti 1755 wanaume Waacadia wapatao 400 waliitwa na Waingereza ngomeni kana kwamba ni mkutano, wakafungiwa humohumo. Uhamisho wa nguvu wa Waacadia ukaanza. Hayo nilijisomea mwenyewe kwenye makumbusho, wenzangu wakiwa wameshaanza kurudi garini.

Ukienda, omba mvushwe hadi upande wa Fort Lawrence. Kwa gari ni karibu sana. Mtakuwa mmevuka kutoka New Brunswick kuingia Nova Scotia, maana Missaguash ingali mpaka. Na chukua koti hata kiangazi, upepo wa pale hauna adabu.