Osram Night Breaker Laser ya H4: mwanga zaidi bila kumpofusha anayekuja mbele

Ukiulizia globu za taa kubwa kwenye maduka ya spea, mara nyingi utaletewa LED kwanza, boksi limeandikwa lumeni 20,000 (wingi wa mwanga) na 6500K (rangi ya mwanga, hapa nyeupe). Kama gari lako ni Hiace, Probox au jingine lenye soketi ya H4, yaani globu moja yenye nyuzi mbili, wa fuli na wa dimu, boksi hilo liache hapo hapo kaunta. Night Breaker Laser ni halojeni, wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu, na kwa dereva wa usiku ndiyo yenye faida.

Tuanze kwa kupunguza chumvi ya tangazo. Ile "hadi asilimia 150 zaidi" inalinganishwa na kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, tena kwa eneo dogo la barabara mbele ya gari. Jumla ya mwanga haiwezi kupanda hivyo, kwa sababu kanuni za ECE, za kimataifa za vifaa vya magari, zinaibana H4 kwenye lumeni 1,650 za fuli na 1,000 za dimu kwa volti 13.2, zaidi au pungufu kwa asilimia 15. Kinachobadilika ni uzi, ule waya mwembamba unaowaka ndani ya globu. Umesukwa kwa kubana, unawaka mkali zaidi, na reflekta inaurusha mwanga mbali badala ya kuutawanya. Gharama yake ni maisha mafupi. Gari linalokesha barabarani kila siku litamaliza globu hizi haraka, na hapo halojeni ya kawaida yenye alama ya E, ya kibali cha kanuni hizo, ni chaguo la busara.

Kwa nini LED inapofusha? Ndani ya H4 uzi wa dimu umewekewa kikombe cha chuma chini yake, ili mwanga uguse nusu ya juu tu ya reflekta na kushuka barabarani. Kikombe hicho ndicho kinachokata mstari ule unaouona ukutani. LED za bei poa zina chipu pande mbili za bamba nene, kwa hiyo chanzo cha mwanga hakikai pale uzi ulipokuwa. Mstari unafifia, mwanga unapanda juu. Dereva anaona weupe mwingi karibu na bampa, anaridhika, kumbe mita 60 mbele hakuna kitu. Zipo LED zilizoruhusiwa Ujerumani tangu 2020, lakini kibali ni kwa modeli za magari zilizoorodheshwa, na kibali cha gari moja hakihamii jingine.

Kabla ya kununua chochote, pima umeme. Washa injini na taa, weka mita nyuma ya soketi ya globu, kisha kwenye betri. Halojeni ikishuka kutoka volti 13.2 hadi 12 inapoteza zaidi ya robo ya mwanga wake, na waya chakavu za Toyota za zamani hufika huko bila shida. Tiba ni rilei mbili, yaani swichi za umeme zinazopeleka moto wa betri moja kwa moja kwenye taa, moja ya dimu na moja ya fuli, waya wa milimita 2.5 za mraba, na fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei, karibu na betri. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokwama: Toyota nyingi zinawasha taa kwa upande wa hasi. Mguu wa pamoja wa soketi una chanya, swichi inapeleka hasi. Ukifunga waya za rilei zilizotengenezwa kwa mfumo wa chanya, dimu na fuli zinachanganyikana. Pima kwanza, ndipo ukate waya.

Usikubali globu za wati 100/90. Zinayeyusha soketi na kubabua reflekta, na reflekta iliyobabuka hairudi. Kioo cha globu usikiguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanakipasua kikipata moto.

Taa iliyopauka haitaokolewa na globu yoyote. Piga msasa wa maji namba 800, 1000, 2000, halafu 3000, malizia kwa polishi na vanishi ya kuzuia jua. Dawa ya meno inang'arisha, lakini haina kinga hiyo, na umanjano hurudi upesi.

Kisha panga taa. Upepo wa matairi uwe sawa, dereva akae kwenye kiti, gari lisimame mita 10 kutoka ukutani mahali tambarare. Weka alama kwenye urefu wa katikati ya globu, chora mstari sentimita 10 chini yake, na skrubu ya taa izungushwe mpaka mstari wa dimu ukae hapo. Kwenye gari la nchi zinazoendesha upande wa kushoto wa barabara, mwanga unapaswa kupanda upande wa kushoto. Hii ndiyo sababu gari la Kijapani likifika Burundi au Rwanda, wanakoendesha kulia, linammulika anayekuja hata likiwa na globu sahihi. Huko dawa ni kubadili taa nzima. Na Hiace ikipakiwa mzigo nyuma pua inainuka, kwa hiyo panga ikiwa na uzito inaoubeba kwa kawaida.