Sanamu ya kifua yenye kibofyo: tathmini kwa wakufunzi wa huduma ya kwanza Kisumu

Sanamu ya kufunzia CPR, yaani kukandamiza kifua na kumpulizia hewa mtu ambaye moyo umesimama, ni kichwa na kiwiliwili tu, bila mikono wala miguu, na inaingia kwenye buti la gari. Ndiyo maana sanamu ya aina hii inafaa kuzungushwa kutoka shule hadi steji ya bodaboda. Hapa tunaangalia ile ya kawaida: kifua cha springi, kibofyo kinacholia "tak" ukikandamiza vya kutosha, na mfuko wa mapafu unaobadilishwa.

Kufunza mikono inafunza. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kushuka sentimita 5 hadi 6, na anayeanza huogopa, akaishia 3. Tak humrekebisha papo hapo. Shingo nayo imeundwa vyema: usipolaza kichwa nyuma na kuinua kidevu, hewa haipiti. Kwa watu wa ufuo wa Dunga hilo ni jambo kubwa, maana aliyezama amekosa hewa kwanza. Huyo huanza kwa kupuliziwa.

Kibofyo lakini hakijui mwendo. Inatakiwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo weka kwenye simu programu ya kupiga mdundo, 110 kwa dakika. Hakijui pia kama umeachia: anayeegemea kifua husikia tak ileile, na kwa binadamu moyo usingejaa damu tena. Iweke sakafuni. Juu ya godoro la sponji, godoro ndilo linaloshuka. Springi ikilegea tak huja mapema, basi pima kwa rula mara kwa mara.

Kinachotukera hasa ni namna inavyotumiwa. Mizunguko 5 ya kukandamiza mara 30 na kupuliza mara 2, mkufunzi anatangaza "amezinduka", makofi. Mwanafunzi anaondoka na imani ileile aliyoipata kwenye televisheni. Uchunguzi wa vipindi vya Marekani uliochapishwa 1996 ulikuta theluthi mbili hivi ya waliofanyiwa CPR wakipona. Huko huko Marekani, kati ya watu halisi ambao moyo umesimama nje ya hospitali, hutoka hospitalini hai takriban 1 kati ya 10. Ukisimama ndani ya hospitali, 1 kati ya 4 au 5.

Mara nyingi kukandamiza peke yake hakuurudishi moyo. Kunapeleka damu kidogo kwenye ubongo hadi mashine ya kushtua ifike, na mashine hiyo hushtua moyo unaotetemeka ovyo. Moyo uliotulia kabisa, ule wa mstari ulionyooka kwenye skrini, haushtuliwi. Asiyeambiwa haya ataacha baada ya dakika moja akiona macho hayafumbuki. Mwingine ataacha akisikia mbavu zikialika, jambo la kawaida ambalo sanamu haina, au akidhani zile pumzi za kukoroma, moja moja, za mtu ambaye moyo umesimama, ni kupumua.

Wala asiondoke akisema 1 kati ya 10 ni bure. Kila dakika bila msaada nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Katika kasino za Marekani ambako walinzi walifunzwa, matokeo yaliyochapishwa 2000 yalionyesha kwamba kati ya walioanguka mbele ya watu, moyo ukitetemeka, wakashtuliwa ndani ya dakika 3, asilimia 74 walipona. Tofauti ni dakika.

Kwa hiyo itumie hivi: mmoja anaigiza kwa sauti kupiga simu ya dharura, 999 au 112, wawili wanapokezana kila dakika 2, kwa dakika 10 kamili, jasho litoke. Zoezi liishie kwa kumkabidhi mgonjwa kwa ambulensi, bado hajafumbua macho.

Tunaipendekeza, ila nunua yenye mapafu, pamoja na mifuko ya akiba: badilisha mfuko kila baada ya darasa, na ufute uso kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kila mdomo mpya.