Dalali wa hisa mjini Moshi, msimu bei zikiwa zimelala

Ofisi ya dalali niliyoitumia inamfaa mnunuzi mvumilivu, hasa katika kipindi ambacho bei kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hulegea baada ya daftari la wanahisa kufungwa, kwa kuwa anayenunua wakati huo hapati tena gawio (mgao wa faida kwa wanahisa) lililotangazwa. Karani hakunisukuma, alinionyesha kwanza ripoti za hesabu za benki za CRDB na NMB, tukapitia faida na mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, kabla hajataja bei, na akanikumbusha kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa haijakufikia, ya asilimia 5 kwenye gawio. Kasoro ni ukimya: oda yangu ya kununua hisa ilipotimia nusu tu, ilinibidi nipige simu mwenyewe ndipo nijue. Viti, kwa kweli, ni vibovu.