Sindano za sukari za kiuno: kliniki niliyokwenda Nairobi

Wateja wangu wananiuliza kama zile sindano zinaponya. Nitaeleza nilivyoona, lakini nianze na hili: pesa niliyoitoa kwa moyo mweupe kabisa ni ya saa ile ya kwanza ya kuchunguzwa, kabla sindano yoyote haijatolewa kwenye pakiti.

Mimi ni fundi wa kushona, Majengo, Mombasa. Kiuno kinaniuma upande wa kushoto tangu nilipomzaa mwanangu wa tatu. Si mgongo wote. Ni mahali pamoja, naweza kukuonyesha kwa kidole gumba, pale penye kishimo juu ya tako. Nikigeuka kitandani, nikiinuka kwenye cherehani, nikibeba ndoo, ni hapo hapo. Hospitali moja ya huku kwetu ilitazama picha ya MRI, ikaona diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, imetokeza kidogo, ikaniandikia tarehe ya kudungwa steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, karibu na uti wa mgongo. Hakuna aliyeniwekea mkono mgongoni. Jambo hilo bado linaniuma, maana diski zilizotokeza huonekana hata kwa watu wengi wasioumwa na chochote. Na mwaka 2025 jopo la wataalamu lilitoa mwongozo katika jarida la kitabibu la BMJ likishauri watu wenye maumivu sugu ya uti wa mgongo wasipewe sindano za aina hiyo.

Kliniki ya Nairobi ilikuwa tofauti tangu mlangoni mwa daktari. Ni kijana, aliniita mama, akaniomba ruhusa kabla ya kunigusa. Aliniinamisha mbele na nyuma, akaniinua mguu ukiwa umenyooka, akagonga magoti kwa kinyundo, akauliza kama maumivu yanateremka chini ya goti, kama nimekonda bila sababu, kama napata homa za usiku, kama mkojo unanitoka bila kujua. Kisha akabonyeza kwa gumba, polepole, ukingo wa mfupa wa nyonga hadi ule mfupa mpana ulio chini ya pingili. Alipofika penyewe niliruka. Akaniambia hapo ndipo kano zinazofunga nyonga na uti wa mgongo zinaposhika mfupa, na kwamba mimba hulegeza kano ili mtoto apite, na kwa baadhi ya wanawake maumivu ya eneo hilo huendelea baada ya uzazi. Akaongeza kwamba hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha kuwa ni kano tu.

Tiba yenyewe inaitwa proloterapia. Jina hilo lilienezwa na daktari mpasuaji wa Marekani, George Hackett, miaka ya 1950. Wanadunga maji ya dekstrozi, yaani sukari, pamoja na dawa ya ganzi, pale kano inaposhika mfupa. Wanaoitetea wanasema sukari ile huamsha uvimbe mdogo, na mwili ukija kuutibu huimarisha kano.

Niliyempendea daktari huyu ni kwamba hakuishia hapo. Alinieleza utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2004, watu 110 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wengine walidungwa sukari, wengine maji ya chumvi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2007 nayo yaliona kwamba sindano hizi peke yake hazishindi zile za kulinganishia, ila zikiandamana na mazoezi na tiba nyingine huenda zikasaidia. Mtu anayeuza huduma akakwambia hayo kabla hujalipa, huyo ni wa kuaminiwa. Nikakubali.

Siku ya sindano nililala kifudifudi, wakachora alama kwa kalamu, wakasafisha vizuri, wakatumia mashine ya ultrasaundi kuongoza sindano. Ganzi ilichoma. Baada yake nilisikia ncha ikigusa mfupa, si maumivu makali lakini inatia kichefuchefu. Siku zilizofuata kiuno kilikuwa kizito na kinawaka, nikakatazwa diklofenaki na ibuprofeni kwa sababu zinauzima ule uvimbe unaotakiwa, nikabaki na paracetamol. Mrudio ulikuwa baada ya wiki kadhaa, na katikati yake nilikuwa na mazoezi ya tumbo, matako na nyonga, yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mkanda wa kiuno niliouziwa zamani aliniambia niuache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 nao hauipendekezi mikanda hiyo.

Sasa nashona kuanzia asubuhi hadi adhuhuri bila kulala chini katikati. Niliacha kuswali kwenye kiti. Nasujudu na kuinuka mwenyewe, na kwangu hilo ni kubwa kuliko nafuu nyingine zote. Ndoo iliyojaa bado inanishinda, na nikisafiri mbali kiuno kinakumbusha. Ni sukari, ni mazoezi, au ni muda? Siwezi kuvitenganisha, na daktari naye hakujidai.

Mapokezi sikuyapenda. Binti wa kaunta alinisukuma nilipe awamu zote kwa pamoja ili nipunguziwe, kisha akanitajia sindano za damu yako mwenyewe, za bei ya juu zaidi, kabla hata sijaonana na daktari. Kataeni. Lipeni awamu moja, mwone mwili unasemaje. Mimi kila awamu ilikuwa Sh15,000, bima yangu haikutoa kitu, na nauli ya kutoka Mombasa ni juu yako.

Ukienda, chukua picha zako zote, na mwambie daktari kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama una kisukari, una mimba au una homa. Kama mguu unakufa ganzi, unalegea, au mkojo umeanza kukutoka, usisubiri miadi ya kliniki kama hii. Nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Na kama aliye mbele yako anataka kukudunga bila kukushika mgongo, vaa viatu uondoke.